Vipepeo wanapungua kweli au ni macho yangu?

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Mi nakaa kijijini miaka mingi na naona kama vipepeo wanaisha, zamani ukipita kwenye nyasi wanaruka kila upande, ila mwaka jana ghafla wakawa wengi tena. Sasa wanapungua kweli ama ni mawazo yangu tu?

JIBU: Salama ndugu yangu. Sehemu nyingi zilizohesabiwa wanapungua kweli, huo mwaka jana usikuchanganye. Kipepeo hali ya hewa ikimkubali anazaliana mpaka basi, msimu unaofuata humuoni, kwa hiyo inabidi uhesabu miaka kumi, ishirini, afu ndo useme. Uingereza wanafanya hivyo tangu 1976 na wala hakuna mashine: mtu ana njia yake ile ile, anaipita taratibu kila wiki kuanzia Aprili mpaka Septemba, siku yenye joto na upepo sio mkali, anahesabu walio ndani ya upana wa mita 5 basi. Marekani nao walijumlisha hesabu za miradi mingi wakakuta kati ya 2000 na 2020 vipepeo wamepungua asilimia 22.

Wengi wanalaumu dawa za kupulizia, na kweli zinaua, lakini mi naona tunamsahau kiwavi, yule mtoto wa kipepeo. Kuna viwavi wanaokula mmea wa aina moja tu, sasa ukilima mpaka ukingoni, au mbolea ikakuza majani marefu yakafunika vile vimea vidogo, kipepeo hana pa kutagia hata maua yajae vipi.

Na kulinda kwa kukisia nako kunaua. Kuna kipepeo wa bluu huko huko Uingereza, kiwavi wake sisimizi wekundu wanambeba mpaka shimoni wakidhani ni mtoto wao, akifika anawala watoto wao (shukrani ya punda hiyo). Hao sisimizi wanataka udongo uliopigwa na jua. Watu wakazungushia uzio eneo lake, mifugo ikazuiwa, sungura nao wakafa na ugonjwa, nyasi zikarefuka, udongo ukapoa, sisimizi wakaisha, na 1979 kipepeo akatoweka nchi nzima. Kuanzia 1983 ndo wakamrudisha kwa mbegu ya Uswidi, safari hii mifugo ikiruhusiwa kula nyasi.

Wewe chagua kijinjia unachopitaga kila siku, uhesabu mara moja kwa wiki, saa zile zile, na wiki usiyoona hata mmoja usiiruke, andika 0.