Kapu la sikukuu halilipi deni: maswali yenu ya Desemba

Desemba ikiingia, ninyi mnaniuliza bonasi na waajiri wananiuliza mchele. Nimekaa meza ya utumishi miaka ishirini na miwili kabla ya kuanza kuandika hapa, kwa hiyo yote mawili nayajua kwa karibu. Nimechagua haya. Aliyeniuliza kapu la kampuni yao lina nini mwaka huu, samahani, mimi si mtunza stoo wenu.

Je, sheria inamlazimisha mwajiri kulipa bonasi mwisho wa mwaka? (Wengi, Tanzania)

Hapana. Nilijibu hivi mwaka jana na mwaka juzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimlazimishi. Kinachoweza kumfunga ni mkataba wako, au mkataba wa hali bora kama kazini kwenu kuna chama cha wafanyakazi. Ikishaandikwa humo si zawadi tena, ni deni, na deni hilo unalipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Ukikaa mwaka mzima unanung'unika kibarazani, usije ukashangaa unaambiwa umechelewa. Kabla hujaniandikia tena, toa mkataba kabatini uusome. Kama nakala huna, hilo ndilo swali ulilopaswa kuniuliza tangu Januari.

Jirani yangu Mfilipino anasema kwao kuna mshahara wa 13. Sisi Kenya lini? (Msomaji, Nairobi)

Mshahara wa 13, yaani mshahara wa ziada wa mwezi mmoja, kwao ni amri ya rais ya 1975, na unatakiwa ulipwe usipite tarehe 24 Desemba. Brazil wanayo sheria yao tangu 1962. Kenya haipo, Tanzania haipo. Ukiona mtu wa benki au wa shirika anaupokea, ujue umo kwenye mkataba wake.

Na kwa kuwa umetaja Kenya: wako wanaoita bonasi ya majani chai ya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, "zawadi ya mkulima". Ile si zawadi. Ni sehemu ya pili ya malipo ya majani ambayo mkulima alishayachuma, akayabeba, yakapimwa. Asisimangwe na mtu kwa pesa yake.

Niliahidiwa bonasi ya 1,000,000, benki imeingia 700,000. Nimeibiwa? (Msomaji, Dodoma)

Hujaibiwa. Umesema mshahara wako ni 1,200,000. Kwa viwango vya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, vya Tanzania Bara, kila shilingi inayozidi milioni moja kwa mwezi inakatwa asilimia 30. Wewe ulishavuka mstari huo kabla bonasi haijafika, kwa hiyo bonasi yote imeangukia kwenye 30. Laki tatu zimekwenda TRA. Bonasi ni kipato cha ajira kama mshahara, haina msamaha kwa sababu ya Krismasi.

Lawama yangu naipeleka kwa aliyekutangazia. Ofisa utumishi anayesimama mbele ya watu na kutaja milioni moja bila kusema "kabla ya kodi" anajitafutia maneno ya bure Januari nzima. Taja kinachofika mkononi. Watu hawajengi nyumba kwa kinachobaki kwenye karatasi.

Nina duka la vifaa vya ujenzi, vijana sita. Nimetenga 900,000. Niwanunulie nini? (Mwenye duka, Morogoro)

Usiwanunulie kitu. Wape pesa.

Najua utaniambia pesa haina kumbukumbu, kapu lina heshima, mama watoto anaona mchele na mafuta anafurahi. Nimeyasema maneno hayo mimi mwenyewe, nikiwa na kalamu mkononi na orodha ya wasambazaji mezani. Lakini hesabu. Ukimpa kijana kapu, umemchagulia aina ya mchele, umemchagulia mafuta ya kupikia, na pengine nyumbani kwao wanavuna mpunga. Huyo anayepanda basi kwenda Ifakara na mfuko wa kilo kumi za mchele umempa mzigo. Na Januari unajua ilivyo: ada, sare, kodi ya nyumba miezi mitatu, na Januari yenyewe haiishi. Laki na nusu kwenye bahasha inafanya kazi ambayo sukari kilo mbili haiwezi.

Wape sawasawa. Kampuni kubwa hutoa bonasi kwa asilimia ya mshahara, na mimi sijawahi kuipenda: meneja anapata mara kumi ya mfagiaji, halafu tunaiita shukrani ya wote. Kwenye duka la watu sita, anayepakia saruji kwenye Canter na anayeandika risiti wote wameuchosha mwaka pamoja.

Wape mapema, kabla ya tarehe 20, mtu apange safari. Bahasha ya tarehe 24 jioni inaishia kwenye nauli ya kulanguliwa. Mwite mmoja mmoja, mtaje kwa jina, mwambie jambo moja alilolifanya mwaka huu ambalo uliliona. Dakika mbili kila mtu. Ukishindwa kukumbuka jambo la mmoja wao, una tatizo kubwa kuliko bahasha.

Na usisahau kodi. Kijana wa 250,000 kwa kawaida hakatwi PAYE, kwa kuwa hajafika 270,000. Ukimwongezea 150,000 mwezi ule anafika 400,000, na zile 130,000 zilizozidi zinakatwa asilimia 8, yaani 10,400. Nimeweka NSSF pembeni ili hesabu ionekane. Kama unataka apate laki na nusu kamili, hiyo tofauti ibebe wewe.

(Kwa waajiri wa Kenya: kwenu zawadi isiyo pesa taslimu haikatwi kodi mpaka thamani yake ipite shilingi 60,000 kwa mwaka, ndiyo maana vocha za supamaketi zimeshamiri. Kwenu ninyi nalegeza msimamo kidogo. Kidogo tu.)

Mwaka huu tumepewa fulana yenye nembo na kalenda ya ukutani. Tufanye nini? (Msomaji, Mwanza)

Fulana ya kulalia. Kalenda uhesabie siku za kutafuta kazi nyingine.

Bosi amesema bonasi "ipo inakuja". Kuna mkopo wa mtandaoni nimeuona, nichukue nilipe bonasi ikiingia? (Msomaji, Mbagala)

Usichukue. "Ipo inakuja" haikubaliwi na mkopeshaji wa kausha damu, wala hataipokea siku ya kurejesha. Mkopo una tarehe, ahadi ya bosi haina. Nawaona kila mwaka: bonasi haikutoka, au imetoka nusu, riba inatembea, na watu wote walio kwenye simu yake wanapigiwa kuambiwa fulani ni mdaiwa sugu. Na hapo hapo: ukipata ujumbe wa "bofya upokee bonasi yako ya mwisho wa mwaka", ufute. Mwajiri wako ana akaunti yako tangu siku ya kwanza, hahitaji namba yako ya siri.

Mimi ni mlinzi. Nilifanya kazi tarehe 25 na 26 Desemba mwaka jana. Nilipouliza malipo niliambiwa "si ulipewa mchele?" Ni sawa? (Msomaji, Arusha)

Si sawa, na hili ndilo lililonifanya nikae kuandika makala yote haya.

Sheria inasema ukifanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa unalipwa mara mbili ya mshahara wako wa msingi kwa kila saa. Umesema unalipwa 300,000. Wiki ya kawaida ni saa 45, mwezi unahesabiwa wiki 4.333, kwa hiyo unagawa kwa saa 195. Saa yako moja ni kama 1,538. Saa nane mara mbili ni karibu 24,600 kwa siku, na siku mbili ni zaidi ya 49,000. Na walinzi wenyewe mnajua zamu yenu haiishii saa nane. Sasa weka kilo tano za mchele upande wa pili wa mizani.

Mchezo huu naufahamu kwa sababu nimewahi kuusimamia. Mwaka mmoja, kiwandani, tulipanga makapu getini: mchele, mafuta lita tatu, sukari, unga wa ngano, na kadi ya mkurugenzi iliyochapwa saini. Mstari ukaenda vizuri. Mama mmoja wa usafi alikuwa anawabebea wenzake makapu mpaka kituo cha daladala, anarudi, anabeba lingine. Nilimwona mara ya tatu ndipo nikamuuliza la kwake liko wapi. Akasema, "Mimi si wa kwenu, mwanangu, mimi wa wakala." Miaka sita alikuwa anafagia chini ya meza yangu. Nikaangalia orodha. Kweli hakuwemo, wala walinzi hawakuwemo. Orodha niliiandika mimi.

Siku ile ile, ndani ya droo yangu kulikuwa na fomu za saa za ziada za Oktoba ambazo hazijalipwa. Makapu yalikuwa yamelipwa taslimu, na mpiga picha amekuja.

Kwa hiyo mlinzi wangu, andika tarehe, saa ulizoingia na kutoka, piga picha daftari la zamu kama unaruhusiwa. Mdai mwajiri wako kwa maandishi. Na kumbuka mwajiri wako ni kampuni ya ulinzi, si mwenye jengo aliyekupa mchele. Siku zako 60 za CMA usizifanyie mchezo. Kwa ya mwaka jana umechelewa, na utalazimika kuomba Tume ikuongezee muda na kueleza kwa nini. Ya mwaka huu usiilaze.

Waajiri nao wasikie: kabla hujaagiza hata kapu moja, lipa saa za ziada, lipa sikukuu, peleka michango ya NSSF iliyolala. Likizo ya siku 28 mpe mtu akapumzike. Ukibakiwa na pesa baada ya hapo, ndipo uzungumzie shukrani. Na wa wakala waingie kwenye orodha.

Nusu ya wafanyakazi wangu ni Waislamu. Zawadi ya Krismasi inawahusu? (Mwenye karakana, Tanga)

Inawahusu kama umeiita ya kufunga mwaka. Ukiiita ya Krismasi, basi na mkono wa Idi uutoe. Watu wa pwani wanajua mkono wa Idi tangu utotoni, hutawafundisha wewe. Ila bajeti yako iangalie mwezi: Idi el-Fitri inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka. 2024 ilikuwa Aprili, 2025 ikaangukia mwisho wa Machi. Mhasibu anayeiweka Aprili kila mwaka hajawahi kufunga.

Dada wa kazi ana miezi 14 kwangu, anataka kwenda kwao Singida Krismasi. Nimpe zawadi gani ili arudi? (Mama, Tabata)

Mama yangu, umeuliza zawadi, lakini katikati ya barua yako umeandika kwamba mshahara wake "unamtunzia". Miezi mingapi? Anza hapo. Mpe wote, mkononi au kwenye simu yake, kabla hajafunga begi. Ukibaki na mshahara wa mtu ili arudi, hiyo ni rehani.

Pili, kaa ukijua ana likizo ya siku 28 yenye malipo kama wewe ofisini kwako. Hakuombi ruhusa ya hisani. Wiki moja uliyompa "kwa kumwonea huruma" ni robo ya haki yake.

Ukishamaliza hayo, zawadi ni rahisi. Nauli ya kwenda na kurudi, tiketi umkatie mapema mwezi huu kabla wapiga debe hawajapandisha. Doti ya khanga mpya kwa mama yake, achague yeye mwenyewe jina la khanga. Kitu kidogo cha pesa kiwe chake, asitumwe nacho. Nguo zako ulizochoka kuvaa si zawadi, ni kupunguza kabati.

Atarudi? Sijui. Wengi mnaosema "wakienda hawarudi" hamjawahi kujiuliza wanakimbia nini.

Niliacha kazi Oktoba. Bonasi ya mwaka huu nastahili? (Msomaji, Kahama)

Mkataba ukisema lazima uwe kazini tarehe 31 Desemba, hustahili. Ukisema inahesabiwa kwa miezi uliyofanya kazi, dai miezi yako. Hukunitumia mkataba, kwa hiyo hapo ndipo ninapoishia.

Ofisini kwetu linapitishwa daftari, kila mtu atoe 20,000 tumnunulie mkurugenzi zawadi ya Krismasi. Asiyetoa atakatwa kwenye mshahara. Nitoe? (Msomaji, Dar es Salaam)

Usitoe kama hutaki, na usisaini. Makato ya namna hiyo kwenye mshahara yanahitaji ridhaa yako ya maandishi. Na huyo anayepitisha daftari, muulize kwa upole, mbele ya watu, kama mkurugenzi ameshasaini fomu za saa za ziada za Novemba.