Picha Milima ya Bale: mwongozaji na lenzi

Ndugu, umeuliza kama safari ya kupiga picha kwenye Hifadhi ya Milima ya Bale, Ethiopia, inahitaji mwongozaji, na ubebe lenzi gani. Mchukue mwongozaji. Si kwa hofu ya kupotea. Uwanda wa Sanetti, nyanda za juu za hifadhi hiyo, umekatizwa na barabara. Ni kwa ajili ya mbwa-mwitu wa Ethiopia: wamebaki wachache mno duniani, na wengi wao wako Bale. Anayewajua hutazama kwanza mashimo ya fuko, maana huko ndiko wanakowinda, tena mchana. Atakusimamisha mbali, mnyama asogee mwenyewe. Ukimfuata na gari utaambulia picha za mgongo, na utakuwa umemharibia windo lake, jambo ambalo kwangu ni baya kuliko kukosa picha.

Lenzi ya milimita 400 inafaa. Ila ile ya pembe pana usiiache nyumbani kabisa! Sanetti iko kwenye mita 4,000 hivi, milobelia, mimea mirefu ya huko milimani, imesimama mmoja mmoja, na mnyama mdogo ndani ya mandhari hiyo husimulia mengi kuliko uso wake ukijaza picha nzima.

Betri za akiba zikae ndani ya koti, baridi huzimaliza upesi. Lala kwanza Dinsho, mji wenye makao ya hifadhi, mwili uzoee kimo. Nyala wa milimani, wanyama wa jamii ya tandala, wanaonekana hapohapo karibu na makao hayo. Ukipata siku ya ziada, teremka kusini hadi msitu wa Harenna, kwenye mianzi, ukawatafute tumbili wa Bale.