Anza na ncha za waya

Ukikabidhiwa mtandao wa zamani wa koaksia, yaani waya wenye uzi wa shaba katikati na wavu wa shaba unaouzunguka, au ukiufufua ili ujifunze, usiguse kompyuta hata moja kabla hujazitazama ncha mbili za waya. Kila ncha inatakiwa iwe na kizibo kidogo chenye rezista ya omu 50, yaani tamineta. Nilipoanza kazi hii sikulijua hilo. Nilishinda siku mbili nikibadilisha kadi za mtandao kwenye mashine zisizo na kosa lolote, kumbe mtu aliyehamisha meza ya mwisho alichomoa tamineta akaitia kwenye droo. Ofisi nzima ilikwama kwa hicho tu.

Mtandao huu, aina ya Ethernet iitwayo 10BASE2, hauna swichi, yaani kile kisanduku cha katikati kinachounganisha kompyuta. Waya ni mmoja, unapita kompyuta baada ya kompyuta kwa konekta za T, na kompyuta zote zinasema na kusikiliza humo humo. Ishara ikifika mwisho isikute rezista, hurudi kama mwangwi na kuzivuruga zinazokuja. Ndiyo maana anayelalamika wa kwanza mara nyingi yuko mbali kabisa na penye kosa.

Basi shika multimita. Zima mashine zote, bandua T moja kwenye kadi yake huku nyaya zake mbili zikibaki, kisha pima, pale T ilipobanduka, kati ya pini ya katikati na gamba la nje. Ukisoma omu 25 na ushei, tamineta zote mbili zinaonekana. Ukisoma kama 50, upande mmoja umekatika. Karibu na sifuri ni shoti. Hapo gawa waya katikati, pima kila nusu, kisha igawe tena ile mbovu. Dakika chache tu utakuwa umelifikia kosa.

Shoti nyingi nimezikuta ndani ya konekta za BNC, zile za mviringo zinazofungwa kwenye ncha za kila waya. Unyuzi mmoja wa wavu wa shaba, mwembamba kama unywele, umebaki nje wakati wa kuvua ganda ukaigusa pini. Kabla ya kubana, zungusha ncha kwenye mwanga na uukague wavu wote. Ukishabana, ivute konekta kwa nguvu kiasi. Ikicheza, ikate uanze upya. Usiionee huruma.

Soma pia maandishi kwenye ganda la waya. RG-58 ni ya omu 50, ndiyo yetu. RG-59 ya video ni 75, na RG-62 ni 93. Kwa macho zinafanana, na zote hufungwa konekta za BNC, kwa hiyo kipande kisicho chake huingia bila mtu kushtuka, kisha mtandao unafanya kazi kwa kusuasua.

Waya wote, kutoka tamineta hadi tamineta, usizidi mita 185 wala kompyuta 30, na kati ya T na T iwepo angalau nusu mita. T yenyewe ikae moja kwa moja kwenye kadi: isukume, izungushe robo mpaka ishike. Usirefushe hapo kwa waya, hata wa shibiri moja.