Ramani ya Lamu kwenye simu: tubadili sura au tuandike upya?

SWALI: Assalamu alaykum, fundi. Sisi ni vijana wachache wa Langoni, Lamu. Tunaendesha ramani ya kisiwa mtandaoni: misikiti, jeti, zahanati, maduka, nyumba za wageni. Ni programu huria iliyojengwa kwa Leaflet, maktaba ya msimbo ya kuonyesha ramani kwenye kivinjari, na data yake ni ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na wachangiaji wa kujitolea. Kwenye kompyuta inapendeza, lakini kwenye simu watu hawakai nayo. Vitufe ni vidogo, orodha ya matabaka (makundi ya vitu vya kuonyesha au kuficha) inafunika nusu ya skrini, na wageni bado wanapotea vichochoroni mtaa wa Mkomani. Mwenzetu anataka tuitupe yote tuhamie MapLibre, maktaba nyingine ya ramani. Wewe wasemaje?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Msitupe kitu kwanza. Mmeweka mambo mawili katika kapu moja. Vitufe vidogo ni kazi ya alasiri moja. Wageni kupotea Mkomani hakutokani na vitufe. Kunatokana na ramani iliyolala chini ya vitufe, na ukarabati wenu unapaswa kulenga hapo.

Tumalize lile jepesi. Leaflet ikitambua skrini ya kugusa, huchora vitufe vya kukuza na kupunguza kwa upana wa pikseli 30. Mwongozo wa Apple unataka 44, wa Android 48. Mistari michache ya CSS, msimbo wa kupanga sura ya ukurasa, inatosha. Mkiwa hapo hapo, vitoeni juu kushoto mviteremshe chini kulia, dole gumba linapofika. Kuna wabunifu watakaowaambia mviondoe kabisa kwa kuwa kila mtu hukuza kwa vidole viwili. Hao hawajatembea na simu mkono mmoja na kapu la samaki mkono wa pili. Viacheni, ila visifunike maandishi ya kuwataja wachangiaji wa OpenStreetMap, kwa sababu leseni inadai yaonekane.

Orodha ya matabaka iondoke. Mgeni anayeshuka botini hana haja ya kujua kwamba data yenu imepangwa kwa matabaka. Wekeni vitufe vinne vyenye maneno: Jeti, Hospitali, Msikiti, Malazi. Maneno, si vipicha vitupu. Matokeo yapande kutoka chini ya skrini na yasizidi theluthi yake. Na kwa kuwa simu hii itasomwa ukingoni mwa bahari saa saba mchana, acheni kijivu juu ya nyeupe: viwango vya WCAG, vya kurahisishia watu wote matumizi ya tovuti, vinataka uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi na mandhari yake, na kwa jua letu mimi ningepita hapo.

Sasa Mkomani. Ramani mnayoitumia huja kwa vigae, yaani picha za pikseli 256 kwa 256. Katika ngazi ya 18 ya ukuzaji, pikseli moja hapa karibu na ikweta ni kama sentimita 60 za ardhi. Kichochoro cha mita moja na nusu kinapata pikseli mbili na nusu! Mtindo wa kawaida wa OpenStreetMap huchora njia ya miguu kama mstari wa nukta wenye unene wake maalumu, bila kujali upana halisi wa njia. Vichochoro vitatu vikikaribiana, nukta hupanda juu ya kuta za nyumba, na mgeni anaona utando mwekundu tu. Hakuna kitufe cha kutibu hilo.

Ndiyo maana mwenzenu ana hoja. MapLibre, iliyozaliwa Desemba 2020 baada ya kampuni ya ramani ya Mapbox kubadili leseni ya programu yake, huchora ramani ndani ya simu yenyewe kutoka kwa data ya vekta, yaani mistari na maumbo badala ya picha, hivyo rangi, unene na majina yote yako mikononi mwenu. Lakini ni nzito mara kadhaa kuliko Leaflet, ambayo haizidi sana kilobaiti 40, na MapLibre inategemea WebGL, teknolojia ya kuchora michoro ndani ya kivinjari, ambayo simu kuukuu huibeba kwa taabu.

Mimi ningebaki na Leaflet nikachora vigae vyangu. Sehemu ya Mji Mkongwe iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2001 ni hekta 16 hivi. Hata mkifika ngazi ya 20, eneo hilo linahitaji vigae visivyozidi 200. QGIS, programu huria ya kutengeneza ramani, ina zana ya kuvitengeneza, na kwa udogo huo vinaweza kuhifadhiwa kwenye simu vikafanya kazi hata bando likiisha. Chukueni data, si picha: seva za OpenStreetMap zinakataza kupakua vigae vyake kwa wingi.

Katika mtindo wenu, nyumba ziwe za rangi hafifu na vichochoro viwe vyeupe, vipana kuliko uhalisia. Majina ya misikiti yatokee mapema, kwa sababu mtu akielekezwa Lamu huelekezwa kwa msikiti. Majina ya maduka yasubiri. Usita wa Mui, njia kuu ya mji, upewe unene wake, mtu akiufikia ajue amerudi kwenye njia kuu. Na msisahau wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro. OpenStreetMap ina alama ya njia inayopita chini ya jengo, tunnel=building_passage. Itieni, kisha chora sehemu hiyo kwa namna ya pekee, mgeni akifika chini ya wikio asidhani njia imekwisha akageuka nyuma.

Kitone cha buluu nacho kina uongo wake. Baina ya kuta ndefu za mawe ishara za GPS hudunda, na kitone huruka hadi kichochoro cha pili. Leaflet hukupa kiasi cha kosa kwa mita. Chora duara la ukubwa huo. Kosa likizidi mita 20, ficheni kitone mbakize duara.

Utafutaji: kijiji cha Shela, wako wanaoandika Shela na wako wanaoandika Shella. Tahajia ya pili iingie kwenye alt_name, alama ya OpenStreetMap ya jina mbadala, na utafutaji wenu uisome. Kuhusu njia za boti, msichore mlango wa bahari wa Mkanda kama barabara iliyo wazi saa zote. Wekeni ujumbe kwamba hupitika maji yakijaa, na nahodha ndiye wa kuulizwa.

Kabla ya kuwatangazia watu, mpeni simu mgeni aliyeshuka jetini sasa hivi, mwambieni atafute Hospitali ya King Fahd, kisha nyamazeni mtazame kidole chake. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano hufichua kasoro nyingi. Ninyi mna makundi mawili, wenyeji na wageni, basi tafuteni watano kila upande.

La mwisho, kiini cha programu msikiguse. CSS yenu, mtindo wenu na vigae vyenu vikae katika faili zake, ili toleo jipya likitoka msianze upya. Rekebisho linalofaa kila mtu, kama la ukubwa wa vitufe, lipelekeni kwa watunzaji wa programu likiwa peke yake na dogo. Mabadiliko ya faili arobaini kwa mkupuo hakuna atakayeyasoma. Na kama programu yenu ina leseni ya AGPL, mojawapo ya leseni za programu huria, msimbo mlioubadilisha lazima upatikane kwa wanaoitumia ramani. Kiungo kimoja chini ya ukurasa kinatosha.