Ana Miaka Tisa na Ana Watu Wake

Maswali ya leo yote yametoka kwa watu wanaotaka kuasili mtoto mkubwa kutoka kituo cha watoto yatima katika nchi nyingine. Yale ya ada na ya "tutasubiri miezi mingapi" nimeyaweka kando. Mna wakala mnayemlipa, muulizeni yeye.

Swali: Tumempenda mvulana wa miaka tisa baada ya kuona picha yake. Faili linasema ni yatima. Kuna kingine tunachopaswa kujua?

Karibu kila kitu. Watoto wengi wanaoishi vituoni duniani wana mzazi mmoja aliye hai, au hata wote wawili. Wamefikishwa huko na umaskini, ugonjwa, ndoa iliyovunjika, au kwa sababu tu kituoni kuna shule. Mtoto mchanga hawezi kuwasimulia hayo. Wa miaka tisa anaweza, na msipomuuliza sasa atawaambia akifika kumi na minne, kwa hasira.

Basi ulizeni, tena mtake majibu ya maandishi. Nani alimleta kituoni? Nani humtembelea, na alikuja lini mara ya mwisho? Ana kaka au dada, hapo kituoni au kwingineko? Hilo la ndugu msilipite juu juu. Mara nyingi mwaka hupita, mtoto ameshapata maneno ya kutosha, ndipo anauliza mdogo wake kaachwa na nani.

Mkataba wa Hague wa 1993, ule wa kimataifa kuhusu uasili wa watoto kutoka nchi nyingine, unataka familia itafutwe kwanza ndani ya nchi ya mtoto, ridhaa ya wazazi isinunuliwe, na matakwa ya mtoto mwenyewe yazingatiwe kulingana na umri na upevu wake. Wakala anayesema mtoto "ataelezwa mkishafika" mkimbieni. Guatemala ilisimamisha uasili wa kwenda nje mwaka 2008 baada ya kubainika kuwa kuna watoto walioibwa na kuuzwa huku makaratasi yao yakionekana safi kabisa. Ethiopia nayo ikaupiga marufuku mwaka 2018. Faili nadhifu halina ushahidi wa lolote zaidi ya kwamba kuna mtu anajua kupanga faili.

Swali: Tunaweza kumbadilisha jina?

Muulizeni mwenye jina. Akikataa, mjadala umefungwa.

Swali: Itachukua muda gani hadi atupende?

Swali hili naletewa kila mara, na kila mara anayeuliza anataka nimtajie idadi ya miezi. Sina. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba wiki za mwanzo zitawadanganya. Mtoto atakuwa na adabu, atakula kila anachopewa, atamkumbatia jirani aliyekuja kuazima ngazi na kumwita mama. Mtafurahi na kupiga simu kwa ndugu zenu kusema kazoea. Hajazoea. Mtoto anayemkimbilia kila mtu mzima bado hajajua nani ni wake, na kituoni alikozoea walezi kubadilishana zamu, tabasamu ndilo lililomfanya aonekane.

Baadaye huja vishindo: uongo wa mambo madogo, usingizi wa mang'amung'amu, mkate chini ya mto. Huo mkate msiunyang'anye wala msimhutubie. Mpeni kopo lenye mfuniko, liwe lake, likae karibu na kitanda, nanyi mbadilishe kilichomo kabla hakijaota ukungu. Siku atakayolisahau mtaona wenyewe.

Na tafadhali msiniambie mapenzi yataponya yote. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka mingi watoto wa Romania walioasiliwa Uingereza baada ya utawala wa dikteta wa nchi hiyo, Ceaușescu, kuanguka. Miongoni mwa waliokaa vituoni zaidi ya miezi sita, wengi walibaki na matatizo hadi utu uzima, ingawa wapo waliokuwa wazima kabisa. Hao walikuwa bado wadogo sana walipotolewa. Wenu ana miaka tisa. Tafuteni mtaalamu wa watoto kabla ya safari, msingoje mlango uvunjwe.

Swali: Kituo kinasema atajifunza lugha yetu haraka. Kuna haja ya sisi kujifunza yake?

Atajifunza haraka, na yake ataisahau haraka vilevile. Watafiti nchini Ufaransa waliwapima watu wazima walioasiliwa kutoka Korea wakiwa na umri wa miaka mitatu hadi minane: Kikorea hawakukitambua zaidi ya Mfaransa yeyote. Sasa fikirieni mtoto huyo akimpata bibi yake kwenye simu. Mtafutieni mtu wa kuzungumza naye, na ninyi jifunzeni angalau ya kusema naumwa, naogopa, choo kiko wapi, nitarudi jioni. Hilo la mwisho ndilo mtakalolitumia zaidi.

Swali: Tukishatua naye nyumbani, makaratasi si yamekwisha?

Hapana! Hakikisheni uraia wake na mshike cheti mkononi. Marekani ilitunga sheria mwaka 2000 ya kuwapa uraia moja kwa moja watoto walioasiliwa, lakini waliokuwa wametimiza miaka 18 sheria ilipoanza kutumika Februari 2001 iliwaacha nje. Wapo waliofukuzwa nchini wakiwa watu wazima, wakarudishwa walikozaliwa bila kujua hata kusalimia. Wazazi wao pia walidhani yamekwisha.

Swali: Ikishindikana kabisa, anaweza kurudishwa?

Mwaka 2010 mvulana wa miaka saba alipandishwa ndege Marekani peke yake hadi Moscow, na barua ya mama aliyemwasili ikisema hamtaki tena. Kama mnauliza hili kabla ya kusafiri, msisafiri. Kama mnauliza mkiwa naye nyumbani na mmechoka, hiyo ni habari nyingine: mwiteni ofisa ustawi wa jamii leo, na mseme ukweli wote, hata ule wa kuaibisha. Wengi huita wakiwa wamechelewa kwa sababu walishatangaza kwa watu kwamba wamemwokoa mtoto.

Swali: Siku ya kwanza kumwona tumpelekee zawadi gani?

Albamu ya picha: ninyi, nyumba, kitanda chake, mbwa kama mnaye. Mwachieni nayo. Halafu nanyi pigeni picha za kituo: walezi, marafiki, bweni, geti. Andikeni majina nyuma ya kila picha mkiwa bado hapo, yeye akiwatajia. Na peremende, kama lazima.