Maswali na majibu: tarehe ilipatikana, mali ilibaki mezani

Kila inapokaribia tarehe 30 Juni, wasomaji wa hapa Lubumbashi huuliza jinsi uhuru wetu wa Kongo ulivyojadiliwa na Ubelgiji mwaka 1960. Haya ni maswali yanayorudi mara nyingi zaidi.

Mzee, tumesoma kuwa Mbelgiji mmoja alipendekeza tungoje miaka 30. Ilikuwaje tukapata uhuru ndani ya miezi mitano? (Mwanafunzi, Katuba)

Huyo ni Van Bilsen, mdogo wangu. Alitoa mpango wake mwaka 1955, na kwao Ubelgiji wengi walimwona ana haraka mno. Kisha Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, ikalipuka kwa ghasia tarehe 4 Januari 1959, na siku tisa baadaye Mfalme Baudouin akalitamka neno uhuru, bila tarehe. Mwisho wa mwaka huo damu ilikuwa imemwagika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, na Ubelgiji haikutaka vita kama ile ya Wafaransa kule Algeria. Meza ya Duara, mkutano wa Wakongomani na Wabelgiji juu ya uhuru, ilipofunguliwa Brussels tarehe 20 Januari 1960, wajumbe wetu, waliozoea kushindana, waliungana. Wabelgiji walikuwa wamejiandaa kuwakuta wamegawanyika. Wetu wakadai 1 Juni, wakakubaliana 30 Juni.

Ni kweli Lumumba alitolewa gereza la Likasi akapelekwa moja kwa moja kwenye mkutano? (Mama mmoja wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi)

Ni kweli, mama. Lumumba, aliyekuja kuwa waziri mkuu wetu wa kwanza, alikuwa amehukumiwa kifungo cha miezi sita kwa ajili ya ghasia za Stanleyville, akaletwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Wajumbe walidai aachiliwe. Alifika Brussels tarehe 26 Januari, mikono ikiwa bado na alama za pingu, akawaonyesha waandishi wa habari. Kesho yake tarehe ya uhuru ikatangazwa.

Tanganyika na Kenya zilikuwa na serikali ya madaraka kabla ya uhuru. Sisi je? (Mwalimu, Kampemba)

Tulipata kivuli chake. Kule Tanganyika Nyerere aliongoza serikali tangu Septemba 1960, uhuru ukaja Desemba 1961. Kasa-Vubu, aliyekuja kuwa rais wetu wa kwanza, aliona umuhimu wa jambo hilo: alitaka serikali ya muda iundwe mara moja, alipokataliwa akatoka mkutanoni. Badala yake, Machi 1960, Wakongomani sita, mmoja kwa kila jimbo, waliwekwa wafanye kazi pamoja na Gavana Mkuu Cornelis. Katanga ilimtoa Rémy Mwamba, Kivu ikamtoa Kashamura. Lakini gavana alibaki gavana, na jeshi la Force Publique lilibaki kwa Jenerali Janssens, bila ofisa hata mmoja Mkongomani. Watu wanaosema viongozi wetu "hawakujua kutawala" wajiulize kwanza walipewa muda gani wa kushika kazi. Miezi mitatu na kitu, tena katikati ya kampeni za uchaguzi.

Union Minière, kampuni ya shaba ya Katanga, ilijadiliwa lini? Baba yangu alifanya kazi kule, na hajawahi kupata jibu. (Msomaji, Kamalondo)

Hapa ndipo moyo wangu unapouma. Januari wajumbe waliahirisha mambo ya uchumi. Meza ya Duara ya Uchumi ikafunguliwa tarehe 26 Aprili na kufungwa 16 Mei, wakati uchaguzi wenyewe ulianza 11 Mei. Wakubwa wengi walikuwa vijijini wakitafuta kura, hivyo vyama vilituma zaidi vijana na wanafunzi, nao wakakaa mbele ya wataalamu waliokuwa na vitabu vyote vya hesabu mikononi.

Fuata mali yenyewe. Kulikuwa na Comité Spécial du Katanga, kamati iliyosimamia ardhi na madini ya Katanga, iliyoundwa mwaka 1900. Thuluthi mbili ilikuwa ya Kongo, thuluthi moja ya kampuni binafsi, Compagnie du Katanga. Kamati hiyo ilishika hisa za Union Minière zenye uzito mkubwa wa kura, na Kongo huru ingerithi sauti hiyo. Tarehe 27 Juni 1960, siku tatu kabla ya bendera kupandishwa, Wabelgiji waliivunja kamati na kugawa mali yake, na Kongo ikapoteza sauti kuu katika kampuni iliyochimba shaba chini ya miguu yetu. Mwezi huohuo sheria ya Ubelgiji iliruhusu makampuni ya koloni kuhamishia uraia wake Ubelgiji, na mengi yalihama. Hesabu za mali hiyo zilikuwa bado zinajadiliwa mwaka 1965, Tshombe wa Katanga akiwa waziri mkuu wa Kongo.

Tshombe alishindaje Katanga ikiwa Balubakat, chama cha Waluba wa Katanga, walikuwa na watu wengi? (Ruashi)

Conakat, chama cha Tshombe, ilipata viti 25 kati ya 60 katika bunge la jimbo, ikaongezewa nguvu na waliojitegemea. Sheria ya Msingi, katiba ya muda iliyotungwa na Ubelgiji, ilidai thuluthi mbili ya wabunge wawepo ndipo serikali ichaguliwe, na Balubakat wakasusa. Tarehe 15 Juni bunge la Ubelgiji lilibadilisha sheria hiyo ili thuluthi mbili isihitajike tena, siku 15 tu kabla ya kuondoka. Tshombe akachaguliwa, serikali ikawa ya Conakat.

Mkataba wa urafiki na Ubelgiji uliishia wapi? (Likasi)

Ulitiwa saini 29 Juni, haukuidhinishwa kamwe. Ulisema askari wa Ubelgiji wa kambi za Kamina na Kitona wasiingilie bila kuombwa na waziri wa ulinzi wa Kongo, ambaye alikuwa Lumumba mwenyewe. Tarehe 10 Julai waliingia Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, bila yeye kuomba. Kesho yake Tshombe alitangaza Katanga kujitenga na Kongo.