Maswali ya Wasomaji: Kufungua taa za mbele nyumbani

Habari za kazi, fundi. Nina Toyota IST ya 2004 yenye balbu za H4 (balbu moja yenye dimu na fuli) na mwanga wake usiku haunitoshi. Nataka kufungua taa mwenyewe, niweke projekta (kile kitaa chenye lenzi ya duara kinachokusanya mwanga) na kupaka fremu ya ndani rangi nyeusi. Mmoja ananiambia nitumie oveni, mwingine msumeno. Nimsikilize nani? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Salama, ndugu msomaji. Msumeno uweke kando. Kioo cha taa yako, ambacho kwa kweli ni plastiki ya polikaboneti, kimeshikizwa kwenye kasha kwa gundi nyeusi ya butili iliyolala ndani ya mfereji unaozunguka taa nzima. Butili haigandi wala haikauki, joto huilainisha tu. Ukiikata umeua mfereji, na taa isiyo na mfereji haifungiki tena sawasawa.

Kabla ya chochote hakikisha ni butili kweli. Choma pembeni kwa ncha ya kisu: ikiacha alama na kuvuta uzi kama ubani uliotafunwa, endelea. Ikiwa ngumu kama soli ya kiatu, hiyo ni gundi ya kudumu, na hata ikipata moto haiachii. Utaikuta kwenye magari mengi ya Ulaya na Korea ya miaka ya karibuni. Kuifungua ni kuikata kidogo kidogo, na mara nyingi kioo hupasuka kabla hujamaliza. Toyota za umri wa gari lako kwa kawaida ni butili.

Toa bampa, toa taa, kisha vua kila kinachotoka: balbu zote, holda, kofia ya mpira ya nyuma, na skrubu na klipu zinazobana kioo na kasha. Skrubu moja ukiisahau ndiyo itakayovunja sikio la kioo. Washa oveni ya umeme hadi nyuzi 105, hebu tuseme 110 kwa mwisho kabisa, na uisubiri ipate moto kwanza. Polikaboneti huanza kulegea karibu na nyuzi 145, na oveni za nyumbani zina tabia ya kupitiliza namba iliyoandikwa. Funika waya wa moto wa chini kwa sinia, weka kipande cha mbao juu ya wavu, laza taa juu yake kioo kikitazama juu, isiguse chuma popote. Dakika kumi. Oveni ya gesi siishauri: joto lake halilingani, upande mmoja unaungua wakati mwingine bado baridi. Na kama mama wa nyumbani anaoka mikate humo, tafuta oveni kuukuu, harufu ya butili si ya jikoni.

Vaa glavu. Anzia kona kwa bisibisi bapa iliyofungwa tepu, inua kidogo, sogea, inua tena, huku mwenzako akishikilia kasha. Gundi itavutika nyuzi nyeusi ndefu. Ikianza kukaza, usilazimishe, rudisha oveni dakika tano. Wanaovunja vioo karibu wote wanavunja hapa, wanataka kumaliza kwa moto mmoja.

Ikifunguka, kiakisi, ile sehemu ya fedha inayong'aa, usikiguse hata kwa kidole. Ni utando mwembamba sana wa alumini, na kitambaa laini tu kinauondoa. Vumbi liondoe kwa kupuliza. Petroli na thina zisikaribie kioo, zinatia nyufa ndogondogo ambazo huenda zikajitokeza baadaye.

Fremu ikwangue kwa msasa wa 600 uliolowa, prima ya plastiki, kisha rangi kwa mikono myembamba. Ikishakauka usiifunge siku hiyo. Iache siku mbili tatu mahali penye joto, la sivyo mvuke wa rangi utaganda ndani ya kioo mara taa ikipata moto, na utando huo hautoki bila kufungua upya.

Projekta ndogo ya inchi 2.5 hupita kwenye tundu la H4 bila kukata kitu, inabanwa kwa nati kubwa kutoka nyuma. Usiikaze moja kwa moja. Rudisha kasha kwenye gari likiwa wazi, washa taa ukutani, zungusha projekta mpaka mstari wa mwanga ulale sawa na ardhi, ndipo ukaze. Jaribu pia fremu na kioo bila gundi uone kama vinakaa. Kama ni ya balbu ya zenoni, umeme wa balasti, kile kisanduku kinachoiwasha, wakati wa kuwaka unapita volti 20,000, kwa hiyo taa ikiwaka mikono iwe mbali na waya zake.

Kufunga ndiko kunakotaka subira. Butili ya zamani ikiwa safi unaweza kuitumia tena. Ikiwa imeingia mchanga, ikokote yote ingali moto, ufute mfereji kwa spiriti ya isopropili, utandaze mpya ya unene wa milimita 9 hadi 10. Roli ya mita 4 na nusu inatosha taa mbili za ukubwa huu. Ncha zipishane sentimita mbili. Bandika kioo, oveni dakika kumi, kaza kwa klampu, rudia mara moja, ndipo skrubu. Silikoni ya dirishani usithubutu: nyingi hutoa mvuke wa siki unaokula utando wa kiakisi, na haishiki vizuri juu ya mabaki ya butili.

Fundi, nimepata taa kamili za Scion xA mtandaoni, zina projekta tayari na wanasema ni IST ileile. Nichukue? (Msomaji, Nyali, Mombasa)

Gari ni lile lile, Marekani liliuzwa kwa jina hilo mwaka wa modeli 2004 hadi 2006. Barabara ndiyo si ile ile. Mwanga wa dimu una ngazi: upande mmoja unapanda kumulika ukingo wa barabara na alama zake, upande wa pili unabaki chini usimchome anayekuja. Kenya, Tanzania na Uganda ngazi inapaswa kupanda kushoto. Taa ya Marekani inamulika zaidi kulia, yaani usoni mwa dereva wa lori. Kuishusha hakusaidii, inakunyima njia tu. Swali hilo hilo liulize hata ukinunua projekta pekee: omba picha ya mwanga wake ukutani kabla ya kulipa. Msomaji wa Bujumbura au Bukavu anaendesha kulia, kwa hiyo kwake hesabu inageuka, taa ya asili iliyotoka Japani ndiyo yenye kasoro.

Ukishafunga, simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, sakafu sawa, matairi na upepo wake, mtu kwenye kiti cha dereva. Weka alama kwenye kimo cha katikati ya projekta. Mstari wa dimu uwe sentimita 10 chini ya alama hiyo.

Siwezi kubadili balbu tu niweke LED ya H4, niache kufungua? (Msomaji, Dodoma)

Unaweza, na wengi wanakulaani barabarani. Kiakisi kilichorwa kwa uzi wa balbu ya halojeni ukiwa mahali pake kamili. LED isiyokaa hapohapo hutawanya mwanga juu.

Nilifungua na kufunga, sasa kuna ukungu ndani kila asubuhi. (Msomaji, Tanga)

Ukungu mwepesi kwenye kona ya chini, unaopotea taa zikiwaka nusu saa, ni wa kawaida kwa hewa ya pwani. Matone yanayotiririka ni tundu. Angalia kwanza vile vijipumulio vya nyuma, vifereji vya mpira: watu huviziba kwa gundi wakidhani ni kasoro, kumbe bila hivyo unyevu hauna pa kutokea. Vikiwa wazi na bado kuna maji, toa taa, ziba vyote isipokuwa kimoja, paka maji ya sabuni kwenye ungio, kisha pulizia hicho kimoja kwa mdomo kupitia mpira mwembamba. Kompresa itafumua gundi. Povu likitoka, pasha eneo hilo, kandamiza, na uongeze butili hapo tu. Kausha kasha juani, tundu la balbu likiwa wazi, kabla ya kurudisha kofia za mpira.